Chupa ya Mhakiki

Kila Alhamisi asubuhi mhakiki wa gazeti huingia kwenye sinema ile kuukuu ya Montevideo, chupa ya maji moto kwapani, kibuyu cha majani ya chai ya yerba mkononi. Hukaa kiti cha pembeni, akavua kiatu cha kushoto, akachonga penseli. Kila filamu huipa mistari miwili tu, hata iwe na majina makubwa vipi. "Farasi ameigiza vizuri kuliko bwana harusi." "Mwisho unapendeza, maana watu huruhusiwa kwenda nyumbani." Ukimuuliza mlangoni ameionaje, hujibu kama mwenye mafua: "Soma gazeti." Lakini Zulma, mkata tiketi, hana haja ya gazeti. Maji yanayobaki huachiwa yeye, na amekwisha kujua: filamu ikimchosha mzee, hunywa funda kwa funda, chupa ikarudi nyepesi kama unyoya. Kwa filamu za mwaka huu, Zulma ameshinda na kiu.

Alhamisi hii ilikuwa zamu ya filamu ya kwanza ya Maite, aliyehangaika nayo miaka sita. Alisimama nje ya mlango akitafuna kucha. Mhakiki akatoka, kiatu mkononi.

"Vipi, bwana, umeionaje?" Zulma akauliza.

"Soma gazeti." Akamkabidhi chupa, akaingia mvuani na soksi moja.

Mkono wa Zulma ukashuka kwa uzito. Akafungua kifuniko, mvuke ukampiga usoni.

"Wacha kucha hizo, binti," akasema, akitafuta kibuyu chake. "Njoo tunywe. Hajagusa hata tone."