Sabuni Iliyomfunga Leonia Mdomo

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka, Mwanangu, na leo imenirudia puani. Umenipita hapa uani na ndoo yako ya maji ya moto, umeingia bafuni, umeshusha pazia, na hukuniamkia. Wewe Editha, ambaye hata ukiwa na homa huniamkia! Nikadhani umenuna. Kisha upepo ukanigeukia, nikasikia ile harufu: waridi, karafuu, na kitu kingine kizito kama ubani wa kanisani. Nimeinuka, nimekaa, nimeinuka tena. Macho yangu yamechoka lakini pua bado nzima, na harufu hiyo naijua tangu nikiwa msichana.

Basi wewe oga, ila sikiliza. Usinijibu, najua hutaki kufungua mdomo. Mimi nitaongea na mabati ya bafu.

Bibi yako Leonia, dada yangu, mnamcheka kwa sababu anaoga na sabuni ya mche, ile ya kufulia. Kila Krismasi wajukuu mnamletea sabuni za kunukia na mafuta mazuri ya kupaka, naye anashukuru, halafu anazigawa kwa majirani. Mnadhani ni mambo ya uzee. Siyo. Tulipokuwa wasichana hapa hapa Murukulazo, hakuna aliyependa kunukia kama Leonia. Sabuni mpya haikuogewa siku iliyonunuliwa. Aliivua karatasi, akailaza sandukuni katikati ya vitenge mpaka nguo zote zinukie, ndipo aikate, nusu yake na nusu yangu. Alichemsha mchaichai, akaumimina kwenye beseni, tukauinamia mvuke tumejifunika shuka moja, tukicheka mpaka mama anauliza kama tumerogwa. Ee, Mwanangu, raha ile! Umelima kutwa, mgongo unauma, lakini ukitoka pale mwili umesahau kila kitu. Hakuna padri aliyewahi kuniambia kwamba ile ni dhambi, na angeniambia nisingemsikia.

Leonia alikuwa amechumbiwa na Petro, kijana wa kilima cha pili. Wazee walishakubaliana, kilichobaki ni siagi. Katika ukoo wa kina Petro, mama wa kijana ndiye aliyeileta siagi ya ng'ombe, imefukizwa kwa majani ya kunukia, ndani ya kibuyu kidogo, ili bibi harusi apakwe. Kibuyu kikifika, ndoa imefika. Tukangoja. Mvua zikaanza, maharage yakapandwa yakaota, kibuyu hakionekani, na Petro mwenyewe haonekani. Watu nao hawakosi maneno: mara ameonekana gulioni na binti wa Murusagamba, mara anataka kuhamia Biharamulo. Dada yangu akakosa usingizi. Alianza kufagia uwanja akauacha katikati, akaenda kuchungulia njiani, akarudi, akaniuliza kama nimesikia mtu akipiga hodi.

Unamjua mtu wa namna hiyo? Mimi wiki nzima namwona, ana simu mkononi, anaiwasha, anaizima. Mchumba wako Alfredi hajapiga, siyo?

Gulioni siku hizo alikuja mwanamke mgeni, anauza sabuni nyekundu iliyofungwa uzi mweusi, pamoja na kichupa cha mafuta. Ya mvuto, alisema. Oga alfajiri, usijisuuze, jipake mafuta shingoni, kisha nenda ukapite mbele ya mwanamume wako. Ila usimsemeshe mtu yeyote njiani mpaka yeye akusemeshe. Ukitoa neno, dawa imetoka nalo. Baadaye tulikuja kusikia kwamba mume wa mwanamke yule alikuwa amemkimbia siku nyingi. Mganga hajigangi.

Tulitoka nyumbani kumepambazuka, Leonia mbele, mimi nyuma yake. Alinukia, siwezi kusema uongo. Njia ya kwenda kwa kina Petro inashuka kwenye migomba, nyembamba, na pale kwenye mteremko tukakutana uso kwa uso na mama yake Petro, amebeba kitu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

Akamgeukia Leonia, akangoja. Leonia alikuwa amebana midomo, machozi yanamlenga, na sauti haitoki. Yule mama akadhani labda hajaonekana vizuri, akasogea, akaanza yeye, mkubwa akamsalimu mdogo: "Leonia, umeamkaje?" Kimya. Nilitamani nimsemee, nikaogopa kuiharibu dawa. Leonia akajibana pembeni, akampita mama mkwe wake kama mtu anayepita kisiki.

Mkono wa mama ukalegea, jani likateleza, na sote wawili tukakiona kibuyu.

"Mama!" Leonia akapiga kelele. "Shikamoo, mama! Shikamoo!" Lakini yule mama alishakifunika kibuyu chake, akageuza, akatupita bila kutuangalia, akarudi kwake. Harufu ya siagi ile ilipita nasi njiani, tamu, imefukizwa vizuri, na ile ya sabuni yetu ikawa inanikera pua.

Jioni shangazi yetu akaja, akaambiwa yote. Hakumpiga. Alimwingiza bafuni, akachukua sabuni ya mche na jiwe la kusugulia miguu, akamsugua shingo mpaka ikawa nyekundu, huku akisema, "Harufu inayomzuia mtu kusalimu ni uvundo. Hata ingetoka mbinguni, ni uvundo." Kesho yake akampeleka kuomba radhi, nami nikafuata. Mama yake Petro alitupa viti, akasikiliza, hata akamfuta Leonia machozi. Akatueleza kwamba ng'ombe wao alichelewa kuzaa, ndiyo maana siagi ilichelewa, na kwamba kijana wa ukoo wao haendi ukweni kabla ya kibuyu. Basi, ni hayo tu. Binti wa Murusagamba hakuwepo.

"Nimekusamehe, mwanangu," alimwambia. "Lakini mkwe asiyeniona njiani, siku nikilala kitandani ataniona?"

Kibuyu hakikuja tena.

Leonia aliolewa baadaye na babu yako, mtu mwema, wewe ni shahidi. Kwa hiyo sililii ndoa. Ninachomlilia dada yangu ni ile raha. Tangu siku ile hajagusa sabuni ya kunukia, hajainamia mvuke wa mchaichai, na kila nikikata sabuni yangu mkono unatafuta wa kumpa nusu. Majuto ni mjukuu, husemwa, na leo mjukuu mwenyewe yuko nyuma ya pazia, kanyamaza.

Sasa nisikie vizuri, kwa sababu siwezi kutulia. Mama yake Alfredi amenipigia alfajiri. Yuko njiani kutoka Murusagamba kwa pikipiki, na hakuniambia anakuja na nini. Sijui kwa nini mwanawe hapigi simu. Labda kuna sababu, labda hakuna. Labda moyo wake umegeuka, na hilo, Mwanangu, sabuni haiwezi. Ukiogopa, sema. Mficha uchi hazai. Muulize Alfredi kwa mdomo wako, mwambie mama yake umeshindwa kulala, njoo ulie hapa mapajani kwangu. Kunukia ni kwa ajili yako, ni mwili wako unaupa pole na asante. Usikugeuze kuwa mtego wa mtu. Na kitu chochote kitakachokudai unyamaze mbele ya mzazi, kiwe cha gulioni au cha kwenye simu, kimwage.

Hiyo pikipiki naisikia. Inapanda kilima. Editha, naomba, usi...

Maji hayo. Mwaga, mwaga tena, ndoo nzima.

Nani ameniamkia? Sema kwa nguvu, masikio yangu si kama pua.

Marahaba, Mwanangu! Marahaba, marahaba. Subiri nikae. Haya, jisuuze hata nyuma ya masikio. Sabuni yangu iko sandukuni, katikati ya vitenge. Kata nusu uogee. Mungu akupe mwili wenye raha na mdomo usiofungwa, uzee ukukute unanukia na watu wakikuitikia. Nusu nyingine tutampelekea Leonia, na utamwambia wewe mwenyewe kwamba umesalimu.