Kuku Asiyechinjwa

Mama Henriette alikuwa na sikio moja zima, la kuume. La kushoto lilikufa zamani, na kila mtu katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi alijua limekufaje, ila hakuna aliyelitaja. Ukitaka kumsengenya ulikaa upande wa kushoto. Hata hivyo ujihadhari, maana alisoma midomo ya watu kuliko mapasta wanavyosoma Biblia.

Kila asubuhi alikaanga vitumbula mbele ya nyumba yake, kwenye mbabula, jiko lake la makaa. Mwaka huo wa tisini na nne, nani mjini Likasi alikuwa bado na cha kununulia vitumbula? Mshahara wa kampuni ulikuja siku ulipojisikia kuja. Unga wa mgao ulikuwa umegeuka hadithi ya kuwasimulia watoto. Mama Henriette alivipunguza vitumbula vyake vikawa vidogo hadi watu wakamtania kwamba anauza vifungo vya shati, lakini hakuacha.

"Muntu akiamuka bila kusikia arufu ya mafuta," alisema, "atafikiri njo amekufa."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Benoît, fundi wa mashine kwenye karakana ya kampuni, na Benoît aliishi nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta, na mkewe Martine na binti yao Mamie wa miaka mitano. Jamani, mkwe yule! Martine alimpenda mama mkwe wake waziwazi. Alimsuka nywele Jumapili kabla ya ibada, na alipomwongelesha alikaa daima upande wa kuume bila kuambiwa na mtu. Mama Henriette alimwita "mwanangu" na hakuwa anabembeleza.

Lakini tusidanganyane. Benoît alikuwa anampiga Martine. Alianza karakana ilipofungwa nusu, akaendelea lutuku, ile pombe kali ya mtaani, ilipomzoea. Na kuta za kambi ni nyembamba. Vilio vilipoanza upande wa pili, Mama Henriette alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote: alilalia sikio zima. Kimya kikaja. Asubuhi yake alimpelekea Martine kitumbula cha kwanza kutoka kwenye mafuta, cha moto, akamwambia yale aliyoambiwa yeye na mama yake, na mama yake akaambiwa na wake: "Vumilia, mwanangu. Nyumba ni kuvumilia."

Basi msimu wa mvua ulipokaribia, Martine aliuza redio ya Benoît akanunua unga. Wengine watasema ndiyo sababu. Sababu gani? Mtu akitaka kupiga, hata chumvi ya mboga ni sababu. Alimvunja mkono wa kushoto. Kesho yake Martine akamfunga Mamie mgongoni kwa kitenge, mtoto mkubwa vile, akapanda kamyo, lori la wachuuzi wa samaki, akarudi kwa wazazi wake kando ya ziwa Tshangalele.

Benoît alikaa kizingitini kwa mama yake akalia kama mtoto. Alikuwa anajuta kweli. Watu kama yeye hujuta kweli, hilo ndilo balaa lenyewe.

"Mama, enda unirudishie bibi yangu. Weye banakusikiaka."

Na ndivyo desturi inavyotaka. Mke akikimbia, mume hajiendei mwenyewe mikono mitupu. Hutuma wazee wake na kuku. Msemaji anaomba msamaha, mama wa mume anamkabidhi kuku mama wa mke, kuku anachinjwa, watu wote wanakula chungu kimoja. Mkishakula, maneno yamekwisha. Mke anafunga mizigo yake, na hakuna tena wa kuyafukua.

Mama Henriette alimjua kuku huyo vizuri. Na yeye aliwahi kukimbilia kwao, Kakanda, sikio likitoa damu. Marehemu mumewe Alphonse alituma wazee na kuku, wazazi wa Henriette wakala, naye akala, tena alipewa paja. Akarudi. Akakimbia tena, kuku akaja tena. Alipofika uzeeni, nyama ya kuku ilikuwa haimshuki kooni, na watu wakadhani ni mambo ya kufunga kanisani.

Lakini damu ni nzito kuliko maji, na mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Mama Henriette alichagua kuku wake bora, tetea mwekundu mwenye kutaga, akamfunga miguu, akaondoka na Papa Georges, mdogo wa marehemu, ambaye kazi yake duniani ilikuwa kusemea watu. Njia nzima juu ya kamyo Papa Georges alikuwa anajaribu hotuba yake. Mama Henriette alishika kuku mapajani na kuomba: Bwana, wanipe mkwe wangu. Alimtaka Martine sana. Alizitaka zile Jumapili. Alitaka kusikia Mamie akigonga sahani ukutani kuuliza kama vitumbula vimeiva.

Walifika karibu na saa sita mchana. Papa Théodore, baba yake Martine, aliacha nyavu zake akaja kuwapokea. Mkewe, Mama Adrienne, akatandika mkeka, akaleta maji ya kunawa. Hakuna aliyeuliza kilichowaleta, maana kuku alikuwepo na kila mtu alimwona. Martine alipiga magoti akamsalimia mama mkwe wake, mkono umefungwa vijiti na vitambaa vya kitenge. Kisha akakaa upande wake wa kuume.

Mamie alisimama nyuma ya mlango. Hakuja kumrukia bibi yake kama zamani.

Kwanza walikula bukari, ndio ugali wa huko, na samaki; maneno yangeanza jua likipoa. Mtoto akalazwa ndani apumzike, na Mama Henriette, ambaye mgongo ulimuuma kwa ile kamyo, akaingia kujinyoosha kando yake. Mjukuu alikuwa amelala kwenye mkeka amejikunja, amejifunika hadi kidevuni. Joto lote lile! Bibi alivuta kanga taratibu ili apate hewa.

Mtoto alikuwa amevaa sandali. Zimefungwa vizuri, kamba zote mbili, ya kuume na ya kushoto.

Mama Henriette alikaa akaziangalia. Alizijua. Siyo hizi, nyingine, za kahawia, za mtoto wa kiume, zaidi ya miaka ishirini nyuma. Benoît alikuwa analala na viatu. Alphonse alicheka akasema mtoto huyu mpumbavu, na yeye mama akacheka naye ili asimkasirishe, lakini alijua. Usiku mtoto alikuwa anavaa viatu ili vilio vikianza asipoteze muda gizani akivitafuta, wakimbie, yeye na mama yake. Naye Benoît mdogo wakati mwingine aliweka kiganja chake juu ya lile sikio bovu akauliza, "Mama, inauma bado?"

Mkono ule ule. Ee Mungu wangu, mkono ule ule.

Mama Adrienne aliingia kuchukua sahani, akamkuta analia bila sauti. Akamwangalia mtoto, akaelewa.

"Alikuwa ameisha kuacha, Mama Benoît," alisema polepole. "Siku za kwanza alilala nazo. Kisha akazoea, akazivua mwenyewe. Leo amewaona munashuka kwa kamyo, akaenda kuzitafuta."

Basi ndiyo hiyo. Yeye Henriette, bibi wa vitumbula, ndiye aliyemvisha mtoto viatu.

Jua lilipopoa walikaa uani. Papa Georges alisimama, akakohoa, akatoa hotuba. Na ilikuwa tamu, tusimnyime haki yake! Alisema ulimi na meno hugombana lakini hukaa kinywa kimoja. Alisema nyakati ni mbaya, kazi imekufa, mwanaume anachanganyikiwa, kijana amelia mbele ya wazee. Papa Théodore alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa mchovu, na mahari alikwisha kuyala. Martine alitazama chini. Alikuwa amejua tangu alipomwona kuku kwamba atarudi.

"Sasa mama wa kijana atoe kuku," akamaliza Papa Georges.

Mama Henriette alisimama. Mama Adrienne alinyoosha mikono kupokea. Henriette akampita, akainama mbele ya Martine, akamwekea kuku mapajani.

"Minye nimekuya kuomba musamaha," alisema. "Naomba kwa ajili ya mutoto yangu, na naomba kwa ajili yangu, sababu nilisikia na nikalala. Lakini iyi kuku musiichinje. Ni ya Martine. Iko inataga, atakula mayai, mukono upone."

Papa Théodore alishangaa kwelikweli. "Mama, kuku ya mapatano haifugwake!"

"Njo maana naleta ya kufuga, papa. Ile ya kuchinja bazazi yangu balishakula, na sikio yangu haikurudi." Akawageukia wote wawili, baba na mama. "Mukimurudisha, itakuwa ni minye nimemurudisha. Nawaomba, musimurudishe. Benoît ni mutoto yangu, namupenda. Njo sababu namujua."

"Shemeji!" Papa Georges aliruka. "Unaharibu kazi ya bantu! Tutasema nini Likasi?"

Alikuwa amesimama upande wa kushoto. Mama Henriette hakumsikia, au alisikia.

Martine alikuwa amemkumbatia yule kuku kwa mkono wake mmoja mzima, akaangua kilio, kilio cha sauti kubwa, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Papa Théodore alimtazama binti yake na yule kuku. Kisha akamwambia mkewe achemshe majani ya viazi kwa ajili ya wageni, na amtafutie kuku tenga.

Mamie alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni. Mama Henriette alimwendea, akapiga magoti mbele yake, magoti yakalia, akaanza kufungua kamba za sandali. Mtoto alimwangalia mama yake kwanza. Martine akatikisa kichwa: ndiyo. Mguu wa kwanza ukatoka, na wa pili. Akakimbia miguu mitupu kwenda kuona kuku anawekwa wapi.

Kesho yake walirudi Likasi, Papa Georges amempa shemeji yake mgongo njia nzima, na jioni kambi nzima ilikuwa na habari. Wapo waliosema mama huyo mchawi, anamnyima mwanawe mke. Haya, waseme.

Walipofika, Benoît alikuwa kizingitini, amenyoa ndevu, amefagia uwanja. Alitazama nyuma ya mama yake, akaona hakuna mtu.

"Bamekataa kuku?"

"Bamepokea."

"Sasa Martine iko wapi?"

Mama Henriette alikaa kando yake, akamvuta kichwa begani kama alivyomvuta alipokuwa mdogo. Angeweza kumgombeza, maneno alikuwa nayo, njia nzima aliyapanga.

"Mamie alikuwa analala na viato, Benoît," alisema. "Sasa amevua."

Benoît akaitazama miguu yake mwenyewe. Mkono wake ukapanda taratibu, ukatafuta lile sikio la kushoto, ukaishia njiani, na mama akaushika.