Mama Muhuri na Ukurasa wa Mwisho

Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye vyeti, lakini pale mahakamani ukiliulizia watu watakutumbulia macho. Uliza Mama Muhuri, hata mfagiaji atakuonyesha: masjala, dirisha namba tatu, yule mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kwa miaka ishirini na miwili alipokea karatasi za kesi, akazikagua, akazipiga muhuri, akatia sahihi ya mpokeaji, akazitupa kwenye trei ya kulia. Ta! Saini. Trei. Ta! Saini. Trei. Mkono wake ulikuwa unajua kazi kuliko yeye mwenyewe, na huko mbele mtaona mkono huo ulivyomponza.

Alikuwa mkali, tusifichane. Nakala ikipungua, anakurudisha. Tarehe ikipishana, anakurudisha. Mawakili wenye suti zao na manukato yao walikuwa wakifika dirisha namba tatu wanapapasa karatasi kama wanafunzi wanaokaguliwa kucha. Ila akikurudisha alikueleza kwa nini, na wapi, na ufanye nini, na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga shule aliondoka pale ameelewa kesi yake mwenyewe.

Siku moja, miaka kumi na mmoja iliyopita, alimrudisha Mzee Nukta. Huyo alikuwa wakili mkongwe mwenye ofisi ng'ambo ya barabara, ghorofa ya tatu, na jina hilo alilipata kwa sababu aliweza kubishana na jaji nusu saa nzima juu ya nukta moja. Alikuja na rufaa ya bibi mmoja mjane aliyekuwa anagombania nyumba yake, zimebaki dakika kumi dirisha lifungwe, na ilikuwa siku ya mwisho ya rufaa hiyo. Mama Muhuri akafunua mpaka mwisho, akamsukumia karatasi zake.

"Sipokei. Ukurasa wa mwisho hauna sahihi."

"Wewe binti, unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mzee. Ndiyo maana naijua sahihi yako, na hapa haipo."

Jamani, yule mzee aliwaka! Alimtolea maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Mama Muhuri hakupepesa macho. Akamnyooshea kalamu yake kupitia tundu la dirisha, akangoja. Mzee akasaini, na muhuri ukapigwa.

Kesho yake asubuhi akarudi, mikono mitupu.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Wakili wa upande wa pili amekesha usiku wa jana anazikagua karatasi zangu akitafuta kasoro moja tu ya kuitupa ile rufaa. Ungenipokelea vile, yule bibi angekuwa nje ya nyumba yake. Umesomea wapi sheria?"

"Sheria nimesomea hapa dirishani, mzee."

"Basi umekaa upande usio wako wa hili dirisha. Anza shule."

Mama Muhuri alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, watoto watatu, aanze shule! Lakini wiki ile ile mzee akamtumia furushi la vitabu vyake vya zamani, kila kimoja kimeandikwa pembeni kwa penseli, na vitabu vile vilikaa mezani kwake vikimkodolea macho mpaka akavifungua.

Akaanza. Kwanza kozi ya kumwezesha kuingia chuoni, kisha shahada, madarasa ya jioni baada ya kazi, miaka mitano. Kisha shule ya sheria kwa vitendo. Mume wake ni fundi cherehani, na fundi huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa nyumbani: anashona huku kitabu kimefunguliwa juu ya meza ya kukatia, anamuuliza maswali, yeye anajibu huku anakunja nguo za wateja. Ilifika mahali fundi akawa anawafundisha wateja wake sheria ya ushahidi. Mtu kaleta suruali ipunguzwe, anatoka amejua ushahidi wa kusikia kwa mwenzio haupokelewi.

Ukabaki mtihani wa uwakili, na huo mtihani ulimtesa. Mara ya kwanza walipewa hati ya mfano wakaambiwa waandae hati ya kuijibu. Mama Muhuri akachukua kalamu nyekundu, akayazungushia duara makosa saba kwenye ile hati ya mfano, akaandika chini "Irudishwe", akakusanya karatasi yake akiwa na raha zake. Akaanguka, angefanyaje asianguke! Mara ya pili akakagua kila ukurasa mara tatu mpaka muda ukamwishia akiwa swali la nne kati ya sita. Akalia siku mbili. Fundi hakumwambia pole hata moja. Alichukua futi akampima mabega.

"Unanipima nini?"

"Joho lako la uwakili. Nataka nianze mapema, kitambaa cheusi kinasumbua."

Mara ya tatu akafaulu. Joho likawa tayari, limetundikwa dukani ndani ya mfuko wa nailoni, na limeshapanuliwa kiunoni mara mbili maana kusoma nako kunanenepesha. Sasa kilichobaki kilikuwa kuwasilisha ombi la kuapishwa: ombi lenyewe, hati ya kiapo, na barua ya tabia njema kutoka kwa wakili anayekujua. Mwisho wa kupokea maombi ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Mwaka ule kiapo kilikuwa mara moja tu, na matokeo ya mtihani hayavuki mwaka. Ukikosa, unarudi kwenye mtihani. Mtihani ule ule!

Jumatano asubuhi akaja kazini na karatasi zake zimekamilika. Mafaili yalikuwa yamejaa mezani mpaka kwenye kiti. Akaweka na lake hapo, akaanza kazi. Ta! Saini. Trei. Ta! Saini. Trei. Akaendelea mpaka meza ikawa nyeupe, akaenda kunywa chai.

Ijumaa saa saba na nusu alikuwa anaandika orodha ya maombi ya kupeleka kwa msajili, yule mkuu wa masjala. Akafika kwenye lake, akatabasamu, akafunua. Mwombaji: sahihi yake. Mpokeaji: sahihi yake. Ameipokea karatasi yake mwenyewe! Jambo la kwanza wanalofundishwa makarani siku ya kwanza, na yeye ndiye mfundishaji, ni kwamba karatasi unayohusika nayo huigusi. Unampa mwenzio wa dirisha lingine.

Binti wa dirisha namba mbili akachungulia begani kwake. Mama Muhuri ndiye aliyemfundisha kazi, na binti alimpenda kama mzazi.

"Mama, funika tu hilo faili," akanong'ona. "Nani atafunua kuangalia mpokeaji? Miaka kumi na mmoja yote ile, ukaipoteze kwa wino?"

Nisiseme uongo, Mama Muhuri alilifunika. Alikaa na faili lililofunikwa dakika nzima, mkono juu yake. Alimwona fundi anapima mabega. Aliuona mtihani. Kisha akaiwaza barua iliyokuwa mle ndani, Mzee Nukta ameandika kwa mkono wake, "Ni mtu ambaye hatapokea kisichostahili kupokelewa, hata kikiletwa na mimi." Akainuka na faili lake, akaenda kugonga mlango wa msajili.

Msajili alikuwa kijana kwake. Alipoanza kazi, Mama Muhuri ndiye aliyemwonyesha hata mahali pa kujazia wino. Alisikiliza, akaisoma karatasi, akashika kichwa.

"Mama, kwa nini umeniambia?"

"Ningemwambia nani, mheshimiwa? Wewe ndiye msajili."

"Siwezi kuliacha. Ni batili lote, na viambatanisho vyake vyote vimepigwa muhuri huo." Akatazama saa ya ukutani. "Lakini saa tisa haijafika. Ukileta jipya, likapokelewa na mwingine kabla dirisha halijafungwa, mimi sina neno."

Ilikuwa saa nane kasoro kumi. Mama Muhuri hakuwa mtu wa kukimbia, ana mwili wake, lakini siku hiyo alivuka barabara kiatu kimoja mkononi. Ghorofa tatu. Akafika kwa Mzee Nukta hana pumzi, akaeleza kwa vipande vipande. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Umejirudisha mwenyewe!" alisema. "Miaka hamsini kwenye hii kazi sijawahi kuona mtu anajirudisha mwenyewe."

"Mzee, nakuomba, muda!"

Mzee akavuta karatasi, akaandika barua upya, neno kwa neno. Karani wake akachapa ombi na kiapo. Wakili wa chumba cha jirani, ambaye ni kamishna wa viapo, akamwapisha pale pale kwenye korido. Halafu Mzee Nukta akachukua fimbo yake. Magoti yake yalikuwa yameshakataa zile ngazi. Siku hizo akishapanda asubuhi hashuki mpaka jioni, wateja ndio waliompandia. Lakini alishuka, ngazi moja moja, ghorofa zote tatu, akisema anataka kulishuhudia hili kwa macho yake.

Na saa haikumngoja! Walipoingia masjala ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi na nane, na mbele ya dirisha namba mbili kulikuwa na watu kumi na wanne.

"Mama Muhuri, pita mbele!" sauti zikapazwa. Nusu ya watu wale alishawahi kuwaonyesha pa kuweka sahihi.

"Sipiti," akasema. "Nimeshaharibu mara moja wiki hii kwa kujihudumia. Nitasimama nyuma."

Akasimama nyuma. Na kwa mara ya kwanza akaliona dirisha lile kutoka upande wa pili. Akaona lilivyo juu, na kioo kilivyo na ukungu, na jinsi mtu unavyotokwa jasho la viganja ukiwa umeshika karatasi hujui kama imekamilika. Mtu wa mbele yake alikuwa anageuza geuza zake kwa wasiwasi. Mama Muhuri akashindwa kuvumilia.

"Hebu nione, baba. Hapa bado nakala ya pili, iko chini huku, ivute juu. Na wewe dada, tarehe hiyo umeandika ya mwaka jana. Mjomba, kibano kitoe, wanataka karatasi zilegee."

Akaipanda foleni yote hadi mbele, akikagua, akielekeza, kisha akarudi nyuma mahali pake. Kwa kawaida kila mtu dirishani alikula dakika tatu, nne. Siku hiyo hapakuwa na kurudishwa. Ta! Wa kwanza. Ta! Wa pili. Foleni ikasogea, watu wakaanza kucheka wenyewe kwa mwendo ule, na kila aliyemaliza hakuondoka. Alisimama ukutani kuangalia.

Saa tisa kasoro dakika mbili, Mama Muhuri akafika dirishani. Akasukuma karatasi zake. Binti akazipokea, na uso wake ukawa wa kazi kabisa, kama alivyofundishwa. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Nakala. Tarehe. Kiapo. Barua. Akafika mwisho, akasita, macho yakamjaa maji. Akazirudisha.

"Sipokei, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Ukurasa wa mwisho wa ombi hauna sahihi."

Kisha nyuma yake Mzee Nukta akaangua kicheko kilichomfanya ashike ukuta, na huku anacheka akaitoa kalamu yake mfukoni, akamnyooshea juu ya bega lake. Mama Muhuri akaipokea kalamu ile, akasaini, akazirudisha karatasi.

"Asante, mwanangu," akamwambia binti. "Asante sana. Ungenipokelea vile ningeumia."

Ta!

Siku ya kiapo ukumbi ulijaa vijana. Mama Muhuri alikuwa mwenye umri mkubwa kuliko wote, na joho lake lilikuwa limeshonwa vizuri kuliko yote, hilo niachieni niliseme. Mzee Nukta alisimama mbele ya jaji kwa fimbo yake, akamwombea akubaliwe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakubishana na chochote. Jaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Hapakuwa na mtu. Akaapa, na akaitwa mbele kutia sahihi kwenye daftari la mawakili.

Akajipapasa. Hakuja na kalamu! Akageuka kumtafuta fundi kwenye viti vya nyuma, na fundi, ambaye alikuwa analia waziwazi bila aibu, akapigapiga kifua chake upande wa kushoto. Mama Muhuri akaingiza mkono ndani ya joho. Joho la uwakili halina mfuko mahali hapo. La kwake lilikuwa nao, mdogo, umeshonwa kwa uzi mweusi usioonekana, na ndani yake mna kalamu.

Akasaini. Kisha, watu wote wakiwa wanamngoja, akavaa miwani yake, akafunua ukurasa wa pili na wa mwisho kuhakikisha hakuna mahali pengine pa sahihi alipopasahau.