Risasi Anajifunza Kuchelewa

Nilijua mambo yameharibika siku nilipokuta kuku amelala juu ya baiskeli yangu ya mbio. Mke wangu, Mama Joyce, alianza kwa kuianikia khanga, nikanyamaza. Akaja kuning'iniza vitunguu kwenye usukani, nikanyamaza vilevile. Lakini asubuhi ile nilipoingia stoo na kumkuta tetea ametulia kwenye siti, macho nusu, hana wasiwasi wowote, sikuweza kunyamaza tena.

Kwa msionijua, mimi ndiye Risasi. Kuna miaka ukilitaja jina hilo hapa Dodoma, watu walikuonyesha kijana mwembamba anayewaacha wenzake kwenye mbio za mkoa kana kwamba wamesimama. Siku hizi nauza vifaa vya umeme Majengo, kitambi kipo, na magoti yanalalamika hata ngazi tatu. Kwenye mbio zangu za mwisho vijana walinipita wote, halafu mtangazaji akapaza sauti kwenye spika: "Jamani, mpisheni mzee, anawahi sokoni!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilicheka nao, lakini niliumia, tena sana. Nikaenda nyumbani, nikaiegesha baiskeli stoo, nikasema basi, mchezo umeisha.

Aliyenitoa nyumbani ni Ndahani. Huyu tulikuwa timu moja enzi zile. Mimi nilikuwa wa kwanza, yeye alikuwa wa mwisho, kila mara, na hakuwahi kununa hata siku moja. Sasa analima maharage Kibakwe, kule milimani wilayani Mpwapwa. Nilipomsimulia kwa simu habari za yule kuku, alicheka mpaka akakohoa.

"Kama imeshakuwa banda, nipe mimi," akasema.

"Njoo uichukue."

"Thubutu! Ilete mwenyewe, na isije juu ya basi. Uipande mpaka mlangoni kwangu, halafu wewe ndiye urudi kwa basi. Angalau muagane vizuri."

Nikakubali. Nilitaka kuimaliza habari hiyo kabisa, nisiione tena baiskeli wala kuikumbuka. Mama Joyce aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika, nikaenda kuifuta kinyesi cha kuku.

Alfajiri ya kuondoka, mjini kulikuwa na ile baridi ya mwezi wa saba inayowafanya watu wa Dodoma wavae makoti mazito na kutembea wamejikunyata. Nilishika barabara ya Morogoro, Ihumwa nikaipita kabla jua halijachomoza. Upepo ulikuwa unatoka mashariki, yaani huko huko ninakokwenda, na ulikuwa unanipiga kifuani bila huruma. Zamani upepo wa namna hii nilikuwa nauinamia na kuupasua. Sasa niliinama, kitambi kikagoma, nikainuka. Malori yalinipita yakipiga honi, nami nikayatukana kimoyomoyo moja baada ya jingine.

Buigiri nilisimama kunywa chai kwa mama mmoja mwenye kibanda cha chapati. Aliitazama baiskeli, akanitazama mimi.

"Baba, hii ni ya mwanao?"

"Ni yangu."

"Haya," akasema, akaniongezea chapati bila kuombwa. Nadhani alinihurumia. Nilizila zote.

Saa sita mchana nilifika Mbande, nikaiacha lami kuu na kukata kuelekea Kongwa. Hapa nchi inafunguka, nyasi kavu za rangi ya ugali wa uwele zinakwenda mbali mpaka miguuni mwa vilima, na ng'ombe wanaonekana wadogo kabisa. Nilishangaa kwamba sikuwahi kuiona nchi hii. Nimepita hapa mara nyingi kwenye mbio, lakini nilikuwa natazama tairi la mbele na saa ya mkononi tu. Hata hivyo sikutaka kufurahi. Nilikuwa nimeshaamua kuhuzunika, na mtu akishaamua hivyo hapendi kuvurugiwa.

Nililala Mpwapwa kwenye nyumba ya wageni. Nilipanda kitanda kwa kushika ukuta.

Siku ya pili asubuhi ndipo safari ilipogeuka kuwa adhabu. Njia ya kwenda Kibakwe ni ya vumbi na mawe, na inapanda. Ikimaliza kupanda inashuka kidogo, ili ikupe moyo, kisha inapanda tena. Kwenye mlima mmoja mrefu miguu ilikataa. Nikashuka, nikaanza kusukuma. Mimi, Risasi, nasukuma baiskeli! Akina mama wawili waliobeba ndizi kichwani wakanifikia kwa nyuma, wakasalimia kwa heshima zote.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Wakanipita. Na mizigo yao, na soga zao, wakanipita na kupotea kwenye kona. Nilisimama pale nikatokwa na machozi, na siwezi kusingizia vumbi, maana hapakuwa na upepo. Nikasema moyoni, ni kweli, nimefanya vizuri kuja kuitoa.

Mchana nikaingia Kibakwe. Baada ya ukavu wote ule nyuma yangu, kule kuna migomba, vijito na mashamba yaliyopandwa mpaka juu ya vilima, utadhani umetoka mkoa mmoja ukaingia mwingine. Ndahani alikuwa ananisubiri barabarani. Amezeeka, meno mawili hayapo, lakini kicheko ni kile kile. Mkewe, Tabitha, alitoka jikoni akifuta mikono kwenye khanga.

"Mbukwa, shemeji!" akanisalimia kwa Kigogo. "Eh! Nilisikia inakuja Risasi, mbona imekuja gunia?"

"Shemeji, mwache mgeni apumue kwanza," nikamjibu.

"Apumue, apumue. Naona pumzi zenyewe amezisahau mlimani."

Tulikula ugali, mlenda na maharage, nikaongezewa mpaka nikaomba msamaha. Shemeji Tabitha hulima, tena hufuga kuku na kupeleka mayai mnadani kwa baiskeli, trei zimefungwa kwenye keria, kwenye njia ile ile iliyonitoa machozi. Nilimuuliza hayavunjiki? Akasema yanavunjika kwa wenye haraka.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Ng'ombe, mbuzi, mitumba, sufuria, nyama ya kuchoma, kila kitu kipo. Ndahani akanieleza kwamba jioni, biashara ikishalegea, wabeba mayai na wabeba nyanya wana mchezo wao. Wanajipanga kwenye uwanja wa mpira, kila mtu na njia yake iliyochorwa kwa jivu, wanakwenda kutoka goli moja hadi katikati ya uwanja. Ukigusa chini kwa mguu, umetoka. Ukitoka kwenye njia yako, umetoka. Na anayeshinda ni anayefika wa mwisho.

"Wa mwisho?" nikauliza.

"Wa mwisho. Zawadi ni jogoo."

"Huo ni mchezo wa watoto," nikasema. "Kwenda polepole nani hawezi?"

Ndahani alikwenda moja kwa moja kwa mwenye spika na kuniandikisha. Dakika chache baadaye nasikia jina langu: leo tunaye bingwa wa zamani wa mkoa mzima, Risasi kutoka Dodoma! Watu wakajaa. Nikapanda baiskeli yangu. Kushoto kwangu yuko Ndahani kwenye li-baiskeli lake jeusi, lile la fremu ndefu na keria ya chuma. Kulia kwangu ni shemeji Tabitha, amejifunga khanga kiunoni, anatafuna muwa.

Filimbi ikalia.

Sijui niseme nini. Kichwa kilikuwa kinajua kabisa sheria za mchezo. Miguu haikujua. Miguu imesikia filimbi miaka na miaka, na kila ikisikia inafanya kitu kimoja. Nilichomoka! Nikainama, nikakanyaga pedali kwa nguvu zangu zote, nikafika katikati ya uwanja wengine hawajamaliza hatua mbili, na Mungu anisamehe, nikanyanyua mikono yote miwili juu kushangilia.

Mnada mzima ukaanguka kwa kicheko. Nasema ukaanguka, kuna mzee alikalia sufuria alizokuwa anauza. Ndahani alicheka mpaka akagusa chini kwa mguu, akatolewa. Mwenye spika alijaribu kutangaza matokeo akashindwa, ikasikika kwikwi tu. Nami, jamani, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Sikuwa nimecheka hivyo tangu baiskeli iingie stoo.

Nyuma yangu shemeji Tabitha bado alikuwa anakuja, au tuseme bado hajaja. Baiskeli yake ilikuwa inatikisika kidogo tu, inasimama, inafikiri, inasogea. Wenzake walidondoka mmoja mmoja. Alifika peke yake akiwa bado na muwa mdomoni, akapewa jogoo.

"Shemeji," akaniambia, "ulikuwa unawahi wapi?"

Nikaomba turudie. Wakaniruhusu. Safari hii nilikwenda polepole, nikaanguka ubavu, puu! Nikaomba tena. Nikaanguka upande wa pili. Watu walikuwa wanafunga biashara zao na mimi bado naomba mara moja tu, ya mwisho, jamani, mara moja tu. Nilikuwa nimekasirika. Na katikati ya hasira hiyo nikashtuka, kwa sababu niliitambua. Ni ile hasira ya ujanani, ya kushindwa jambo na kulitaka zaidi. Nilidhani imeshakufa, nami nilikuwa nimekuja Kibakwe kuizika.

Siku iliyofuata nilishinda uani kwa akina Ndahani nikifanya mazoezi. Shemeji alinifundisha huku akichambua maharage.

"Usiangalie tairi, shemeji. Angalia kule mbele. Breki ishike nusu, mguu ukanyage kidogo kidogo, vigombane."

"Naanguka!"

"Anguka upande huu basi, huko kuna mboga zangu."

Jioni nikaweza kukatiza uani bila kugusa chini, ingawa kwa kujipinda kama mtu anayechomwa sindano. Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Sijui nilipata medali ngapi maishani, lakini sikumbuki lini nilifurahi vile kwa jambo dogo namna hiyo.

Hapo likaja swali la ahadi. Baiskeli nilikuwa nimeitoa, na mwanaume harudi nyuma kwenye neno lake. Asubuhi ya kuondoka nilimkabidhi Ndahani mbele ya mkewe. Yeye akaishika taratibu kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye fremu.

"Unapanda basi la saa ngapi?" akaniuliza mwisho.

"Sipandi basi," nikasema. "Nipe lile lako jeusi."

"Hili? Risasi, hili ni zito, utafika mwaka kesho!"

"Si ndivyo mnavyoshinda huku?"

Shemeji Tabitha alipiga vigelegele. Akanifungia trei ya mayai kwenye keria, zawadi ya Mama Joyce, akasema atapiga simu kuuliza yamefika mangapi.

Njia ya kurudi nilikwenda na mayai, kwa hiyo nilikwenda kama wanavyokwenda wenye mayai. Mlima ule mrefu sasa ni mteremko, nikaushuka breki nusu. Mpwapwa nilipolala, mwenye nyumba ya wageni akaniuliza kama mimi ni yule aliyepita juzijuzi na baiskeli ndogo. Kongwa nikasimama kwa hiari yangu kutazama nyasi. Toka Mbande upepo ulikuwa mgongoni, unanisukuma nikimbie, nami nabishana nao kwa breki. Dereva wa lori mmoja alipunguza mwendo akaniuliza kama nimeharibikiwa. Nikamwambia niko mazoezini. Akaondoka akitikisa kichwa.

Niliingia nyumbani jioni. Mama Joyce alisimama mlangoni akanitazama ninavyokatiza uani kwa mwendo wa kinyonga, nimetoa ulimi.

"Si ulisema unakwenda kuitoa baiskeli?"

"Nimeitoa. Hii nyingine."

"Na hii utashindana nayo na nani?"

"Na shemeji Tabitha. Mnada ujao nataka niwe wa mwisho."

Akaja akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Yai moja tu ndilo lililopasuka, na shemeji alipopiga simu nilimwambia hakuna.

Nimejifunza nini huko? Kwamba nilichanganya mambo mawili. Kasi ilikuwa imeisha, hilo ni kweli, na hairudi, na nimeilia pale mlimani ikatosha. Lakini nilidhani kasi na baiskeli ni kitu kimoja, nikataka kuvitupa vyote pamoja. Kumbe bado kuna mambo nisiyoyaweza, na mtu mwenye jambo asiloliweza bado ana sababu ya kuamka mapema.

Juzi Ndahani alinipigia simu asubuhi, anahema, upepo unavuma kwenye spika.

"Risasi! Nimeshuka nayo ule mteremko wa kwenda Mpwapwa. Nimewapita wabeba nyanya wote. Wote! Hata bodaboda nimempita!"

"Umeumia?"

"Sijaumia. Miaka yote ile nilikuwa naona migongo yenu tu. Leo nimetazama mbele, hakuna mtu. Barabara tupu, na milima. Kumbe ndivyo ulivyokuwa unaona siku zote?"

Ukweli ni kwamba siku zote zile sikutazama. Nikamwambia aendelee kwenda, aniambie anachokiona.