Bastola kwenye Meza ya Saa

Mume wangu alikuwa fundi wa saa. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu ya mtaa wa Kuze, na kati ya duka na ukumbi palikuwa na pazia tu, kwa hiyo kila lililosemwa huko nililisikia. Ulikuwa wakati wa vita. Mchele ulitolewa kwa kipimo, na watu walichunga sana midomo yao.

Alasiri moja mdogo wangu, aliyekuwa mlinzi wa ghala la sukari kule Mbaraki, aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa amekumbatia kikapu cha mchicha. Hakuniamkia. Aliupangua mchicha, akatoa kitambaa, akakifungua juu ya mkeka. Nikaona bastola.

"Dada, nisitiri," alisema.

Mzungu msimamizi wa ghala ndiye aliyempa bastola hiyo, kuukuu, mpini umepasuka. Alfajiri ya siku hiyo mdogo wangu alimfukuza mwizi, na alipoichomoa, lile gurudumu la kutilia risasi lilianguka chini, risasi zikatawanyika matopeni. Skrubu iliyoshika pini yake ilikuwa imelegea. Alihofia akisema ataambiwa yeye ndiye aliyeivunja. Na kuitoa ghalani bila ruhusa ilikuwa jela.

Mume wangu aliposikia, uso ulimgeuka. "Shemeji, mimi natengeneza saa. Wataka watoto wangu walelewe na nani?"

 Mdogo wangu alikuwa akilia kimyakimya, mwanamume mzima. Nikamtazama mume wangu, naye akanitazama kwa muda, kisha akainyanyua ile bastola.

"Risasi zi wapi?"

Nilizipokea mimi, nikazifunga kwenye pindo la leso.

Skrubu ya zamani ilikuwa imelika meno. Mezani kwake dukani, mume wangu alitafuta nyingine kwenye kopo la vyuma vya cherehani, akaibana kwenye jiriwa, akaanza kuipiga tupa taratibu, akiijaribu na kuitoa, akiijaribu na kuitoa. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye pazia nikiangalia njia, na ndipo nilipomwona sajini wa polisi akija. Saa yake ilikuwa kwetu, imekwisha kutengenezwa.

"Yuaja sajini," nikanong'ona.

Mume wangu alinipitishia kiwiliwili cha bastola chini ya pazia. Nilikificha ndani ya buibui, chuma kikanigusa tumbo, baridi. Gurudumu lilikuwa bado mezani. Hakuwa na nafasi. Alivua kofia yake akalifunika.

"Masalkheri, fundi. Leo kichwa wazi?"

"Joto, sajini. Karibu."

Sajini aliketi. Aliipokea saa yake, akaivaa, akaitia sikioni, akasikiliza kwa furaha. Kisha akainama mbele ya jiriwa. Mdogo wangu, aliyekuwa nyuma yangu, alinishika mkono hadi ukaniuma.

"Skrubu hii ni ya saa gani, kubwa namna hii?"

"Ya cherehani," mume wangu akasema, na sauti yake haikutikisika.

Sajini alisugua ile skrubu kwa kidole. Akaitazama ile kofia. Mpaka leo sijui aliona nini. Alisimama, akasema, "Fundi, vaa kofia yako, usije ukapata mafua," akatoka.

Nyayo zake zilipopotea, nilimrudishia mume wangu kile kiwiliwili cha bastola. Mume wangu aliimaliza kazi akiwa amesimama. Skrubu ilikaza, gurudumu likazunguka bila kucheza. Nikampa mdogo wangu risasi zake na kikapu chake.

"Nenda," nikamwambia, "na chuma hicho nisikione tena."

Jioni mume wangu hakugusa chakula. Alikaa akiitazama mikono yake.

"Ningalifungwa," akasema.

"Ningalikuletea uji kila siku."

Akacheka kidogo.

Kesho yake mdogo wangu alikuja kwa mlango wa mbele, mikono mitupu. Alikuwa amemwendea mzungu na kumwambia kuwa bastola iliharibika mikononi mwake, na kwamba ameitengeneza mwenyewe. Hakumtaja fundi. Mzungu alipiga meza na kutukana, akaifungia kabatini, akampa rungu na filimbi. Lakini kazini hakumfukuza.

"Mbona ulikwenda kusema?" nikamuuliza.

"Jana ulikuwa watetemeka, dada," alisema. "Sijapata kukuona ukitetemeka."