Safari ya Papa Kwenda Butiaba

Mwanangu alikuwa na miezi minane, hana hata jino moja, na tayari watu wazima walikuwa wanamwomba ruhusa.

Asiyeishi na familia ya mume wangu hawezi kuelewa, kwa hiyo nieleze. Baba yake mume wangu alifariki kabla sijaolewa. Nilipojifungua, mtoto akapewa jina lake, na kwa watu wa maporomoko ya Kisangani jina haliji peke yake. Linakuja na mwenyewe. Kuanzia siku ile mume wangu, aliyemzaa huyo mtoto, akawa anamwita Papa. Kaka yake mkubwa, mvuvi mwenye mabega kama mlango, akawa anavua kofia kabla ya kuingia nyumbani kwangu. Na mama mkwe wangu, mjane, akawa anamwita "bwana yangu." Mimi nikapandishwa cheo bila kuombwa: nikawa mama mkwe wa mama mkwe wangu.

"Mama mukwe!" alikuwa akiniita tangu barabarani, majirani wote wasikie. "Bwana yangu iko analia. Unamufanya nini?"

"Nimemwogesha, Mama."

"Na maji ya baridi? Bwana yangu hakupendaka maji ya baridi."

Mwanzoni nilicheka. Kila mtu alicheka. Mtoto anayependwa na ukoo mzima, mama yake analalamika nini? Mpaka siku lori lilipoleta neno kutoka Butiaba.

Butiaba ni bandari ya Waingereza, upande wa Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert. Wifi yangu, binti wa kwanza wa nyumba ile, aliolewa huko na mwanamume anayepakua mizigo bandarini. Alikuwa amezika watoto wawili. Dereva aliyekuwa anashuka kutoka Bunia kwa njia ya Bafwasende alisimama uani kwa mama mkwe, akanywa maji, akasema alichotumwa: dada anasikia baba yake amerudi duniani, anamwomba aje amwekee mkono tumboni, maana hataki kubeba mimba nyingine bila mkono wa baba.

Mama mkwe alilia. Na mimi nililia, sikatai. Mwanamke aliyezika wawili, nani hatalia? Nilikuwa bado nafuta macho nikamsikia mume wangu akisema, "Bon. Tutapeleka Papa."

Machozi yakakauka palepale.

Mume wangu ni karani bandarini. Kazi yake ni kujua chombo gani kinaondoka lini, na alipanga safari ile kwa furaha ya mtu anayepanga mambo yake hatimaye, si ya Wazungu. Alichovya kidole kwenye glasi ya maji akachora mezani. Hapa Kisangani. Hapa Bafwasende, lori linalala. Hapa Kasenyi, mwisho wa barabara. Hapa Butiaba. Katikati ya Kasenyi na Butiaba alipitisha kidole mara moja, shwaa, kama anafuta makombo.

"Apa ni kidogo," alisema. "Siku moja. Iko mutu mwenye kununua samaki, ana boti ya tanga, atatubeba. Meli ya mvuke haina lazima. Siku tatu kwa dada, tunarudi."

Hicho alichokipitishia kidole ni ziwa nililozaliwa kando yake.

Baba yangu alikuwa anapima samaki Kasenyi. Nilikulia kwenye banda la mizani kabla ya kupelekwa kwa masista kusoma, na kabla sijajua kuandika jina langu nilijua kwamba upepo wa lile ziwa unatoka mlimani bila kubisha hodi. Asubuhi maji yamenyooka kama shuka lililopigwa pasi. Mchana unasikia harufu ya udongo, unatazama huku na huku nani analima, na kabla hujajibiwa boti zilizokuwa pale hazipo. Nilimwona mama mmoja, jirani yetu, akiletwa ufukweni na wavuvi. Mtoto alikuwa bado mgongoni, kitambaa kimekazwa vizuri, fundo halikulegea hata kidogo. Watu walisifu lile fundo. Sijui kwa nini watu husema vitu kama hivyo.

Nilimweleza mume wangu. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza padri.

"Lakini ziwa haina courant," alisema.

"Sijasema habari ya mkondo. Nasema upepo."

"Courant ndiyo inauaka mutu. Maji yenye kusimama, itakupeleka wapi?"

Hapo nikaelewa kwamba sitashinda kwa maneno haya. Hawa ni watu wanaotembea juu ya miti iliyofungwa kwa kamba za msituni, chini yao mto unanguruma hata husikii jina lako, wanashusha mitego yao mikubwa na kupandisha samaki huku wanataniana. Mtoto wao anajua kusoma mkondo kabla ya kujua kusali. Kwao hatari ina mwelekeo: inatoka juu inakwenda chini, unaiona ikija. Maji yasiyokwenda popote kwao yamelala. Na mimi, mwanamke wa kutoka mashariki, nisiyeweza hata kusimama kwenye mtumbwi, nije niwafundishe maji?

Jumapili baada ya misa tulikutana uani kwa mama mkwe kupanga safari. Kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, mikate ya kwanga, samaki wa moshi. Walikula vizuri. Mimi tonge lilinishinda.

"Tuulize mwenyewe," alisema shemeji mkubwa. Akanawa mikono, akavua kofia, akamwinamia mwanangu mapajani mwangu. "Papa, tunakwenda kwa binti yako. Unaona namna gani?"

Wakati uleule ndege ikapita juu yetu ikienda kutua Simi-Simi. Mtoto akainua mkono kuelekea juu, kama mtoto yeyote.

"Amesema twende!" mama mkwe akapiga vigelegele. "Mulimuona? Ameonyesha njia!"

"Ameonyesha ndege," nilisema.

"Mama mukwe, we unamuzuia kwa sababu gani? Bwana yangu alikuwa mutu wa safari. Alifika mpaka Basoko na mtumbwi yake mwenyewe."

"Alikuwa na meno, Mama."

Wakacheka mpaka shemeji akapaliwa na kwanga. Hasira yangu kwao ilikuwa kama pilipili kwenye chakula, iliwaongezea hamu. Wakaendelea kupanga. Papa hawezi kusafiri na nepi kama mtu wa hovyo; fundi amshonee koti la kaki lenye mifuko. Kigoda chake kiende, maana baba hampokei binti akiwa amebebwa. Samaki wa moshi kapu moja kwa ajili ya mkwe. Nani atabeba kigoda, nani atabeba kapu, nani ataomba ruhusa ya kusafiri kwa Mzungu wa Territoire, mkuu wa wilaya. Hakuna aliyeuliza nani atamshika mtoto upepo ukija.

Nikajaribu njia nyingine. Mtoto alikuwa na kikohozi kidogo, nikampeleka dispensari nikiomba, Mungu anisamehe, kiwe kikubwa. Muuguzi akasikiliza kifua, akasema mtoto mzima kabisa, akamchanja kwa ajili ya safari, akanipongeza. Nilirudi nyumbani nimebeba afya ya mwanangu kama mzigo.

Nikamwambia mume wangu basi, mimi sipandi lori.

"Hakuna shida," alisema, na sauti yake haikuwa mbaya, ndiyo iliyoniumiza. "Utabaki upumzike. Mama atamubeba. Anakula uji sasa."

Nilikaa chini. Kumbe mimi nilikuwa kama lile kapu la samaki: likienda, vizuri; lisipokwenda, vizuri vilevile. Shuleni masista walitufundisha kupika supu ya Ulaya, kushona mikono ya blauzi, kumjibu mume kwa upole. Hakuna aliyetufundisha cha kusema mtoto wako anapogeuka baba wa kila mtu isipokuwa wewe.

Siku zile sikuwa mzima. Nilianza kumwogesha kwa maji machache, kikombe kimoja kimoja, kama maji ya beseni yangeweza kumzoea na kumdai. Nilikuwa nikiona mti unayumba nasimama kutazama upepo unatoka wapi. Nikimfunga mgongoni vidole vinagoma kwenye fundo. Jirani akanishauri nisali. Nilisali, lakini nilisali kama mtu anayegombana.

Wokovu ulitoka kwenye mdomo wa mama mkwe mwenyewe, naye hakujua. Shemeji mdogo alikuwa amejenga nyumba ya matofali ng'ambo ya kushoto ya mto, akatuma mtu: Mama aje aone. Nilikuwa pale uani, nachambua mchele. Mama mkwe hakusimama hata kupisha mjumbe.

"Mwambie hivi," alisema. "Tangu lini mutoto anamuitaka muzazi? Mimi ni mboyi yake, wa kutumwa? Yeye mwenyewe akuje hapa, apige magoti, anibebe mu mtumbwi. Muzazi haitwake."

Mkono wangu ukasimama kwenye ungo. Nilichambua mchele ule mpaka ukaisha, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilihisi njaa.

Jumamosi fundi alileta koti. Ukoo ulikuwa umekusanyika kulitazama. Lori lilikuwa liondoke Jumatatu. Walimvisha mwanangu, mikono ikamfunika vidole, wakamkalisha kwenye kigoda huku shemeji amemshika kwa nyuma asianguke. Kila mtu akasema kweli, ni yeye, ona hata kichwa. Mimi nikapita mbele, nikapiga magoti chini mbele ya mtoto wangu mwenyewe.

"Papa," nilisema, "nisamehe. Mimi ni mgeni, sijui desturi ya hapa. Binti yako amekutumia dereva wa lori. Anasema wewe utoke nyumbani kwako, upande magunia, uvuke maji, umfuate alipo. Nimekaa nikajiuliza: kwa watu wako, baba anaitwaka na binti yake?"

Watu wakageukiana.

"Kama desturi ni hiyo," nikaendelea, "tutakubeba. Lakini watu wa Butiaba watauliza. Watasema, huyu ni mzee gani anayeitwa kama mboyi?"

Mume wangu alifungua mdomo. "Lakini ile ni mambo ya kumuwekea mkono—"

"Nyamaza," mama mkwe alimwambia. Alikuwa ananitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo, si kwa chuki, ni kama unavyomtazama mbuzi uliyedhani umemfunga. Kisha akaanza kucheka, taratibu, mabega yanapanda na kushuka.

"Mama mukwe," alisema, "ulisikiaka ile siku ya mchele."

"Nilisikia, Mama."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Shemeji mkubwa akavaa kofia yake. "Iko na haki," alisema. "Papa hatoki. Binti akuje."

Mume wangu alitembea mbele yangu njia nzima kurudi nyumbani. Alikuwa amepoteza mipango yake yote ile, boti, saa, siku. Sikumbembeleza. Nilikuwa nimembeba mwanangu na koti lake, na nilikuwa nimechoka.

Neno likapelekwa na dereva yuleyule. Na hapo ndipo hasira yangu ilipofika mahali ambapo haijatoka mpaka leo. Maana wiki haikuisha, mama mkwe akaja nyumbani kwangu peke yake, bila kelele za barabarani. Akakaa. Akazungukazunguka na maneno, habari ya sombe, habari ya mvua. Mwishowe akauliza, "Ule upepo yako. Unakujaka mwezi gani?"

Nilimtazama.

"Unakuja mwezi wowote, Mama. Mchana."

"Na mutu akivuka asubuhi?"

"Ni afadhali."

"Afadhali tu?"

Kwa hiyo maji yalikuwa yamelala kwa mtoto wangu. Kwa binti yake yakaamka. Nilitaka kumwambia hivyo, maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini niliona vidole vyake vikichana ncha ya kitambaa uzi mmoja mmoja, nikajua vile vidole, vilikuwa vyangu mwezi mzima. Tukaenda pamoja kwenye maegesho ya malori, nikampa dereva mwingine neno jipya: wifi avuke alfajiri, asikubali kungoja mizigo ya mwisho, wakisikia harufu ya udongo warudi. Mama mkwe alimfanya dereva arudie mpaka akakasirika.

Kila lori lililotoka upande wa Bafwasende tulikwenda kulitazama. Wiki baada ya wiki. Mimi niliyemweka majini mtoto wa mwenzangu ili wangu abaki mkavu, nilisimama pembeni yake. Hakuniita mama mkwe siku zile. Aliniita mwanangu.

Wifi yangu alifika siku ya soko, mwekundu kwa vumbi. Hakusalimia mtu. Alimfuata mtoto moja kwa moja, akapiga magoti, akasema, "Papa, nimechelewa." Mtoto akaangua kilio kuona mgeni. Basi akasubiri alale, akauchukua ule mkono uliolegea, akauweka tumboni mwake, akakaa hivyo mpaka uji ukapoa. Baadaye ndipo alisimulia kwamba boti yao ilirudishwa ufukweni na upepo mara mbili, na mara ya tatu walitupa magunia ya chumvi majini. Alisimulia polepole, akimtazama mama yake. Mume wangu alisimama akatoka nje.

Wifi alikaa nasi mwezi mzima, akanisaidia kulea, nikampenda. Lori lilipomchukua, tulisimama barabarani kupunga mkono, mama mkwe amempakata mtoto. Vumbi lilipotulia akashusha pumzi ndefu.

"Bon," alisema. "Mwaka kesho bwana yangu atakuwa anatembea. Na mutu akikutembelea, mama mukwe, si unarudishaka matembezi?"

Nilimchukua mwanangu mikononi mwake, nikaenda nyumbani. Sasa anatembea. Meno anayo. Nimeanza kutafuta neno lingine.