Chumvi ya Ng'ombe

Kila nikifungua mfuko wa chumvi ya ng'ombe, harufu yake hunifanya nigeuze uso.

Baba alikuwa fundi katika kiwanda cha majani chai. Nyumbani aliunda tangi la vioo juu ya meza, akaleta kwa treni kutoka Mombasa maji ya bahari, mawe ya matumbawe na samaki wawili. Maji yalichujwa kwenye ndoo ya changarawe chini ya meza, nami nikiyarudisha juu kwa kikombe.

"Yakipungua, ongeza ya mvua tu," aliniambia.

Siku moja niliyaonja, nikaona chumvi imepungua. Nikatia kiganja kizima cha ile ya ng'ombe.

Asubuhi samaki walikuwa wakielea kwa ubavu, wamekufa.

"Ni baridi ya huku, mama," Baba akaniambia. "Wewe uliwatunza vizuri."

Nikaitikia, mikono nimeificha nyuma.